Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Matt Baker, Mchoraji wa Katuni

Haya ni maswali ambayo wapenzi wa katuni huyarudia kila jina la Matt Baker linapotajwa. Nimeyatia namba ili jibu moja likuelekeze kwa jingine bila kurudia maneno. Majina ya magazeti na wahusika nimeyaacha yalivyochapishwa, maana ndivyo utakavyoyatafuta.

## Mambo ya msingi

1. Matt Baker alikuwa nani?

Jina lake kamili ni Clarence Matthew Baker. Alizaliwa tarehe 10 Desemba 1921 katika wilaya ya Forsyth, jimbo la North Carolina, akakulia Pittsburgh, Pennsylvania. Familia nyingi za Wamarekani weusi zilifunga safari kama hiyo enzi zile, zikiiacha Kusini na sheria zake za ubaguzi ili kutafuta riziki kwenye viwanda vya Kaskazini.

Kuanzia 1944 hadi alipofariki mwaka 1959 aliishi kwa kuchora vitabu vya katuni mjini New York. Katika miaka hiyo 15 alichora malkia wa porini, wapelelezi, marubani wa kike, askari, wachunga ng'ombe na, zaidi ya yote, wasichana na wavulana wa kawaida waliopendana na kuumizana. Katika kizazi chake ni wachache mno waliomfikia kwa kuchora umbo la binadamu, na mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba katika kuchora mwanamke hakuna aliyemfikia kabisa.

2. Je, ndiye Mmarekani mweusi wa kwanza kuchora vitabu vya katuni?

Hapana, ingawa utaliona dai hilo mahali pengi. Elmer Cecil Stoner, aliyezaliwa 1897, alikwisha kuwa kazini katika vitabu vya katuni tangu mwishoni mwa miaka ya 1930. Ukihesabu na katuni za magazeti ya kila siku, inabidi urudi nyuma zaidi hadi kwa George Herriman wa New Orleans, aliyeibuni Krazy Kat.

Kinachoweza kusemwa kwa uhakika ni hiki: Baker ndiye mchoraji mweusi wa kwanza tunayemjua kufika kileleni katika vitabu vya katuni. Wahariri walimgombea na wachoraji wenzake waliiga mkono wake. Mchapishaji mmoja alimkabidhi hata usimamizi wa sanaa ya magazeti yake (tazama swali la 13).

3. Mbona wengi hawajawahi kumsikia?

Sababu kubwa ni kwamba kazi nyingi zilichapishwa bila jina la mchoraji. Hadithi za Phantom Lady (tazama swali la 10), kwa mfano, zilibeba jina la kubuni, Gregory Page, ambalo lilikuwa kama koti la ofisi: yeyote angeweza kuvishwa. Msomaji wa 1948 aliyezipenda zile picha hakuwa na njia ya kujua kwamba aliyezichora ni kijana mweusi wa miaka 26.

Sababu nyingine ni kifo. Wachoraji wa miaka ya 1940 tunaowafahamu vizuri ni wale walioishi hadi miaka ya 1970 na kuendelea, wapenzi wa katuni walipoanza kuwatafuta, kuwahoji na kuwaalika kwenye makongamano. Baker alikuwa kaburini tangu 1959. Hakuacha mahojiano, na mengi tunayoyajua juu yake yametoka kwa ndugu zake na waliofanya naye kazi.

4. Alisomea uchoraji wapi?

Baada ya shule ya sekondari Pittsburgh, alipita Washington, D.C., kisha akahamia New York na kusoma katika chuo cha sanaa cha Cooper Union. Vita Kuu ya Pili ilikuwa inaendelea, lakini jeshi halikumchukua kwa sababu ya ugonjwa wa moyo. Kumbuka jambo hilo, maana ndilo lililomwacha huru mwaka 1944 na ndilo lililokatisha maisha yake.

Kati ya wasanii waliomwathiri hutajwa Andrew Loomis, mchoraji wa matangazo na magazeti, pamoja na Lou Fine na Reed Crandall kwa upande wa katuni. Ukizitazama picha za Fine kisha za Baker utaiona nasaba yao mara moja: mistari myembamba, miili mirefu isiyokaa kama sanamu.

## Kazini

5. Aliingiaje kwenye biashara ya katuni?

Kupitia studio ya Jerry Iger, New York. Iger alisimulia baadaye kwamba kijana mtanashati, aliyevaa vizuri, aliingia akiomba kazi huku akiwa na sampuli moja tu, mchoro wa rangi wa msichana mrembo. Ulitosha.

Wakati nao ulimsaidia. Wachoraji wengi Wazungu walikuwa wamechukuliwa vitani, na vitabu vya katuni viliuzwa kwa wingi kwa senti 10 kimoja, wanajeshi wakiwa miongoni mwa wasomaji wakubwa. Studio zilihitaji mikono, na mkono huu ulikuwa wa ajabu. Kazi yake ya kwanza inayothibitika ni hadithi ya Sheena (tazama swali la 9) katika Jumbo Comics namba 69, ya Novemba 1944, iliyochapishwa na Fiction House.

6. Studio kama ya Iger ilifanyaje kazi? Alikuwa ameajiriwa na mchapishaji?

Hapana, na hapa watu wengi huchanganya. Studio ya Iger haikuchapisha kitu. Ilitengeneza hadithi nzima, kutoka maneno hadi kurasa zilizo tayari kwa mtambo, kisha ikawauzia wachapishaji kama Fiction House na Fox. Ndiyo maana michoro ya Baker ya miaka hiyo imetapakaa kwenye magazeti ya kampuni tofauti.

Ndani ya studio kazi iligawanywa kama kwenye kiwanda cha nguo. Mmoja aliandika hadithi, mwingine akachora kwa penseli, wa tatu akatia wino, wa nne akaandika maneno kwenye maputo. Ruth Roche, mhariri na baadaye mshirika wa Iger katika biashara, aliandika hadithi nyingi zilizopita mikononi mwa Baker. Malipo yalikuwa kwa ukurasa, na ukurasa ukishalipiwa si wako tena. Mhusika akipata umaarufu, faida ni ya mwenye kampuni. Hali hiyo haikuwa ya Baker peke yake. Ndivyo walivyoishi karibu wachoraji wote wa enzi ile, weusi kwa weupe.

7. Kama alikuwa mweusi, kwa nini karibu wahusika wake wote ni Wazungu?

Kwa sababu ndicho kilichonunuliwa. Wachapishaji walikuwa Wazungu, wauzaji wa magazeti kwenye majimbo ya Kusini wangeweza kuyarudisha mafurushi bila kuyafungua, na mhusika mweusi kwenye kurasa hizo kwa kawaida alikuwa mtumishi, mchekeshaji au mpiga ngoma wa porini. Jeshi lenyewe la Marekani liliendelea kuwatenga askari weusi mpaka Rais Truman alipotoa amri ya kukomesha jambo hilo mwaka 1948.

Wako wanaomlaumu Baker kwa hili. Mimi siwaungi mkono. Mtu aliyelipwa kwa ukurasa hakupewa nafasi ya kuchagua rangi ya malkia. Alichoweza kuchagua ni jinsi ya kumchora, na hapo hakumpunja msomaji hata mara moja. Kuna hata hivyo mhusika mmoja anayestahili swali lake mwenyewe.

8. Voodah ni nani?

Voodah ni shujaa wa porini aliyetokea katika Crown Comics namba 3 mwaka 1945, akichorwa na Baker. Alikuwa mweusi. Na hakuwa mweusi wa pembeni anayebeba mizigo: yeye ndiye mwenye hadithi, mwenye nguvu, mwenye akili, na ngozi yake ndani ya kurasa ilipakwa kahawia. Wanahistoria wa katuni humhesabu kuwa shujaa mweusi wa kwanza mwenye hadithi yake mwenyewe katika vitabu vya katuni vya Marekani, miaka 21 kabla ya Black Panther.

Kisha ikatendeka kitu ambacho kila nikikisimulia naona watu wakinyamaza. Kwenye jalada, Voodah alipakwa rangi ya Mzungu. Baada ya matoleo machache akapauka na ndani pia. Jina lilibaki lilelile, na pori lilelile, lakini mtu alikuwa amebadilishwa ngozi. Kupaka rangi hakukuwa kazi ya Baker. Michoro ilimtoka mkononi ikiwa nyeusi na nyeupe, wino juu ya karatasi. Ukitazama nywele na sura alizochora mwanzoni unaelewa alimchora nani.

9. Vipi zile katuni za Sheena na "Afrika" yake? Mtu mweusi angewezaje kuzichora?

Swali hili huulizwa zaidi na sisi wasomaji wa huku, na linauma kwa haki. Sheena, malkia wa porini, alitungwa na studio ya Will Eisner na Jerry Iger, akaingia sokoni Marekani mwaka 1938 katika Jumbo Comics namba 1. Afrika yake haipo kwenye ramani. Ni pori moja lisilo na miji, mabandari wala misikiti, lenye wenyeji wasio na majina wanaosubiri kuokolewa au kutishwa na msichana wa Kizungu aliyevaa ngozi ya chui. Mtu wa Mombasa au Kigoma hawezi kujikuta humo hata akitafuta kwa kurunzi.

Baker hakuianzisha picha hiyo. Aliikuta. Alipofika, fomula ya magazeti ya porini ilikuwa imeshatimiza miaka sita na iliuzwa vizuri mno kuguswa. Ukilinganisha kurasa zake na za wenzake utaona kwamba hata watu wa nyuma ya picha huwachora wakiwa na mifupa na misuli ya binadamu, wala si midomo iliyotiwa chumvi. Lakini hadithi hizo ni za kibaguzi, na uzuri wa mstari hauziondolei ubaguzi huo. Yote mawili yapo kwenye ukurasa mmoja, na msomaji makini inabidi ayashike yote.

Kwa wanaopenda kujua: Sheena alikuja kufika Afrika kweli, muda mrefu baada ya Baker. Filamu yake ya 1984 ilipigwa Kenya.

## Kazi zake mashuhuri

10. Je, Baker ndiye aliyembuni Phantom Lady?

Hapana. Phantom Lady, yaani Sandra Knight, binti wa seneta anayewakamata wahalifu usiku kwa taa inayomwaga giza, alianza mwaka 1941 katika Police Comics namba 1 ya kampuni ya Quality, akichorwa na Arthur Peddy. Mwaka 1947 Fox akaanza kutoa toleo lake kupitia studio ya Iger, na hapo ndipo Baker alipomchukua. Magazeti ya Fox yanaanzia namba 13 ya Agosti 1947 na kuishia namba 23 mwaka 1949.

Lakini ukimwuliza mtu yeyote leo amkumbuke Phantom Lady, atakayemjia akilini ni wa Baker: vazi la buluu, joho jekundu, na ule msimamo wa mtu asiyeogopa kitu. Peddy alimzaa, Baker akamlea mpaka watu wakamjua.

11. Kwa nini jalada la Phantom Lady namba 17 linazungumzwa sana?

Ni jalada la Aprili 1948. Phantom Lady amefungwa kamba kwenye nguzo, naye yuko katika kujinasua. Mwaka 1954 daktari wa magonjwa ya akili Fredric Wertham alilichapisha ndani ya kitabu chake Seduction of the Innocent kama mfano wa jinsi katuni zinavyowaharibu watoto. Maelezo chini ya picha yalizungumzia matiti kwa neno la mtaani la wakati ule, "taa za mbele", na ndoto ya mkatili anayetaka kumfunga mwanamke. Mchoraji hakutajwa.

Kinachonisikitisha ni kwamba Wertham hakuwa mtu mbaya kwa watu weusi. Mwaka 1946 alishiriki kuanzisha Kliniki ya Lafargue, kwenye chumba cha chini cha kanisa huko Harlem, ambako wagonjwa weusi walitibiwa akili kwa malipo madogo sana wakati hospitali nyingi ziliwafungia milango. Uchunguzi wake juu ya madhara ya shule za kibaguzi ulitumika mahakamani. Na mtu huyo huyo ndiye aliyeichukua kazi ya kijana mweusi na kuifanya kielelezo cha uovu.

Kwa sababu ya kitabu hicho, namba 17 imekuwa miongoni mwa majalada yanayowindwa sana na wakusanyaji, na nakala nzuri huuzwa kwa maelfu ya dola. Mimi nasikitika kidogo kuona mtu mzima, mwenye kazi za miaka 15, akifupishwa kuwa jalada moja. Soma swali la 13 kabla hujamhukumu kwa hilo.

12. Ni kweli alichora riwaya ya katuni kabla ya neno hilo kuwapo?

Ndiyo, au kitu kinachokaribia sana. Mwaka 1950 kampuni ya St. John ilitoa It Rhymes with Lust, kitabu kidogo cha mfukoni chenye kurasa 128, hadithi moja tangu mwanzo hadi mwisho, kilichouzwa kwa senti 25. Wachapishaji walikiita riwaya ya picha. Kilitungwa na Arnold Drake na Leslie Waller, waliounganisha majina yao kuwa Drake Waller. Baker alichora kwa penseli na Ray Osrin akatia wino.

Ni hadithi ya watu wazima: mji wa machimbo uitwao Copper City, mwandishi wa habari Hal Weber aliyechoka na maisha, na mwanamke mwenye tamaa ya madaraka, Rust Masson. Jina la kitabu ni mchezo wa vina, kwani Rust hulingana kwa sauti na neno la Kiingereza la tamaa ya mwili. Kampuni ilitoa kingine kimoja, cha wasanii wengine, kisha mradi ukafa. Cha Baker kilichapishwa upya mwaka 2007 na Dark Horse, na ukikisoma leo unashangaa jinsi vyumba vilivyojaa watu wanaozungumza tu vinavyoweza kukushika.

13. Kazi yake bora ni ipi?

Wengi watakwambia Phantom Lady. Mimi nasema katuni zake za mapenzi za St. John, na nitaeleza kwa kirefu, maana hapa ndipo Baker anapodhulumiwa zaidi.

Katuni za mapenzi zilianza mwaka 1947, Joe Simon na Jack Kirby walipotoa Young Romance. Biashara ililipuka, na kila mchapishaji akataka za kwake. Archer St. John alikuwa na bahati ya kuwa na Baker, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1940 alianza kumfanyia kazi moja kwa moja na baadaye akawa msimamizi wake wa sanaa. Teen-Age Romances, Pictorial Romances, Diary Secrets, True Love Pictorial, Wartime Romances: mengi ya majalada hayo ni yake, na hadithi nyingi za ndani vilevile.

Sasa fikiri mchoraji anakabiliwa na nini katika hadithi ya mapenzi. Hakuna ngumi wala jengo linaloungua. Kuna msichana sebuleni na mama yake, kuna kijana mlangoni ameshika kofia. Ukikosea jicho, hadithi imekufa. Baker alijua kwamba mtu anayesema uongo huweka uzito kwenye mguu mmoja. Alijua vidole vya msichana anayesubiri simu vinavyokaa. Gauni kwake lilikuwa na kitambaa, kitambaa kikiwa na uzito, na uzito ukilalia nyonga. Kwenye majalada aliweka mara nyingi watu watatu, wawili waliokumbatiana na mmoja anayewaona, na unaweza kuisoma hadithi yote kwenye nyuso zao kabla hujafika kwenye maneno.

Alipata pia mwandishi aliyemfaa, Dana Dutch. Katuni nyingi za mapenzi za wakati huo zilimwadhibu msichana: amekosea, sasa alie hadi ukurasa wa mwisho, aolewe, anyamaze. Wasichana wa Dutch hutoroka usiku kwenda kucheza dansi, hudanganywa, hujidanganya, kisha huamka asubuhi wakiwa wamejifunza kitu na maisha yanaendelea. Waandike wasichana hao kwa wepesi huo, uwape mkono wa Baker wawe na nyama na damu, na unapata hadithi ambazo zimezeeka vizuri kuliko mashujaa wengi wa joho.

Ukubali au ukatae, lakini zisome kwanza. Swali la 18 linaeleza utazipata wapi.

14. Alichora kitu kingine?

Vingi. Sky Girl, rubani mcheshi, katika Jumbo Comics. Tiger Girl katika Fight Comics. Mysta of the Moon katika Planet Comics, kwa wapenda sayari. South Sea Girl katika Seven Seas Comics. Mwaka 1946 alichora Lorna Doone kwa mfululizo wa Classic Comics uliogeuza riwaya maarufu kuwa katuni. Mwaka 1952 alichora Flamingo, katuni ya mfululizo ya magazetini iliyoandikwa na Ruth Roche, ingawa hakudumu nayo.

Kwa kucheka tu, mtafute Canteen Kate, msichana wa kantini ya wanamaji wakati wa vita vya Korea, ambaye kila akijaribu kusaidia kambi nzima inapinduka. Alipata gazeti lake mwenyewe mwaka 1952, matoleo matatu. Ukatuni wa Baker hauthaminiwi vya kutosha. Kate anaanguka kwa namna ambayo unausikia mwili ukigonga sakafu.

## Miaka ya mwisho

15. Kanuni za 1954 zilimwathiri vipi?

Mwezi Aprili 1954 kamati ya Seneti ilikaa New York kuchunguza kama katuni zinaleta uhalifu wa vijana, na Wertham akatoa ushahidi. Wachapishaji waliogopa, na kabla ya mwaka kwisha wakajiwekea chombo cha kukagua kila ukurasa. Mavazi yakafunikwa, busu zikafupishwa, wanandoa wakawa hawagombani. Kwa mtu ambaye nguvu yake ilikuwa miili na hisia, hilo lilikuwa kama kumkataza mpishi chumvi.

Ukaguzi huo haukuwa salama kwa watu weusi pia. Mwaka 1956 kampuni ya EC ilipotaka kuchapisha tena hadithi ya mwanaanga anayevua kofia mwishoni na kuonekana kuwa mweusi, mkaguzi alidai mhusika huyo asiwe mweusi. Mhariri alikataa, ikachapwa ilivyo.

Archer St. John alifariki 1955, na kampuni yake ikazidi kudhoofika katika katuni. Baker akaanza kupata kazi kutoka Atlas, kampuni ambayo baadaye ilijulikana kama Marvel, mara nyingi kupitia studio ya Vince Colletta aliyetia wino juu ya penseli yake. Alichora hadithi za wachunga ng'ombe, za maajabu, na za mapenzi. Zipo nzuri, lakini wino wa haraka umezika mengi.

16. Alikufaje?

Kwa mshtuko wa moyo, New York, tarehe 11 Agosti 1959. Alikuwa na miaka 37. Hadithi yake ya mwisho inayotambulika, ya mapenzi, ilitoka baada ya kifo chake katika My Own Romance namba 73, yenye tarehe ya Januari 1960. Miaka miwili baadaye kampuni hiyohiyo ilianza kuwatoa mashujaa walioibadili biashara nzima. Huwa najizuia kuwaza ni yupi kati yao angepewa.

17. Amewahi kupewa heshima yoyote?

Mwaka 2009 aliingizwa katika Jumba la Mashuhuri la Tuzo za Will Eisner, nusu karne kamili tangu afariki. Walioingia naye mwaka huo ni pamoja na Jerry Iger, aliyempa kazi ya kwanza, na Reed Crandall, ambaye Baker alijifunza kwa kuitazama kazi yake. Mwaka 2012 kilitoka kitabu kikubwa, Matt Baker: The Art of Glamour, chenye picha nyingi na kumbukumbu za ndugu na wenzake.

## Maswali ya pembeni

18. Naweza kusoma kazi zake bure, na ni halali?

Ndiyo. Kwa sheria ya Marekani ya enzi hizo, kitabu kilichochapishwa kabla ya 1964 kililindwa miaka 28, na mwenyewe alipaswa kuomba upya ulinzi huo. Kampuni nyingi zilizomtumia Baker zilikuwa zimekufa kabla ya muda kufika, kwa hiyo matoleo yao mengi ni mali ya umma. Tovuti za Digital Comic Museum na Comic Book Plus zimeyaweka, yakiwa yamepigwa picha ukurasa kwa ukurasa.

Tahadhari moja kwa mnaotaka kutumia wahusika: kurasa za Fox za Phantom Lady ni mali ya umma, lakini DC ilinunua wahusika wa Quality na inaendelea kumchapisha mwanamke wa jina hilo. Kuchapisha upya ukurasa wa 1948 ni jambo moja. Kutoa hadithi mpya kwa jina lake ni jambo jingine, na hapo tafuta mwanasheria.

19. Nitautambuaje mkono wake kama jina halipo?

Anza na mwili mzima. Baker alipenda kumwonyesha mhusika kuanzia kichwa hadi miguu, mara nyingi akimwacha atokeze nje ya mpaka wa fremu. Kisha tazama mikono na vifundo: vidole virefu, vilivyotulia, havifichwi mifukoni kama wanavyofanya wachoraji wenye hofu navyo. Nywele zina mwendo wa maji. Nyuso za wanawake hazifanani zote, jambo la nadra kwa wakati ule.

Usitegemee wino. Alitiwa wino na watu tofauti, na penseli ileile inaweza kuonekana laini kwa Osrin na kavu kwa Colletta. Na usiamini kila tangazo la muuzaji linalosema "michoro ya Baker", kwa sababu jina hilo hupandisha bei.

20. Walikuwapo wachoraji wengine weusi wakati wake?

Walikuwapo, na kila mmoja anastahili ukurasa wake. Stoner nimemtaja kwenye swali la 2. Alvin Hollingsworth, mzaliwa wa Harlem, alianza katuni akiwa kijana mdogo, baadaye akawa mchoraji wa sanaa za maonyesho na mwalimu wa chuo. Jackie Ormes aliwachora wanawake weusi wenye akili na mitindo katika gazeti la Pittsburgh Courier tangu 1937, yaani katika mji uleule ambako Baker alikuwa bado mwanafunzi.

Na Juni 1947, huko Philadelphia, mwandishi wa habari Orrin C. Evans alitoa All-Negro Comics, kitabu kilichoandikwa na kuchorwa na watu weusi watupu, kwa senti 15. Kilikuwa na mpelelezi Ace Harlem, na Lion Man, mwanasayansi mweusi aliye kazini Gold Coast, Ghana ya leo. Toleo la pili lilikuwa tayari. Wauza karatasi walikataa kumuuzia Evans, na halikuchapwa.

21. Huyu ni ndugu wa Kyle Baker au George Baker?

Hapana, ni kufanana kwa majina tu. George Baker alikuwa Mzungu aliyebuni Sad Sack jeshini. Kyle Baker ni mchoraji mweusi wa siku zetu.

22. Nianzie wapi?

Fungua toleo lolote la Teen-Age Romances la mwaka 1950 au 1951. Pitia kwanza bila kusoma maneno, ukitazama mikono tu. Kisha rudi mwanzo usome. Ukimaliza, tafuta Crown Comics namba 3, uone Voodah alivyokuwa kabla hawajampaka.